Uso wa Bibi, kibatari na mche wa sabuni

Picha pekee ya Bibi tuliyobaki nayo haizidi kiganja. Ilipigwa miaka ya 80 barazani kwake, Ngamiani, Tanga. Amekaa mkekani, kanga nyeupe yenye maua mekundu imemfunika kichwa na mabega, mkono mmoja uko gotini. Ukuta wa chokaa nyuma yake umetoka vizuri. Kanga nayo imetoka vizuri, hata jina lake linasomeka nusu. Kisichotoka ni uso. Ukiisogeza picha karibu na dirisha unaona paji, ncha ya pua na mstari wa shavu moja. Kwingine kote ni weusi mtupu.

Mwaka 2018, miaka miwili baada ya kumzika, Shangazi aliniomba nimchore. Wakati huo nilikuwa nachora kwenye simu, kwa kidole, kwa programu ya ibisPaint, na tayari watu wa mtaani walikuwa wananilipa niwachoree picha za sendofu na za mahafali. Nikaipiga ile picha kwa simu, nikakaa nayo siku nne, nikaiprinti, nikampelekea. Shangazi akaishika kwa mikono miwili, akaitazama sana. Kisha akasema kwa upole, "Ni yeye, mwanangu. Lakini mbona kama amepakwa masizi?"

Aliitundika hivyohivyo sebuleni. Kila nikienda kumsalimia naiona, na neno lake narudi nalo nyumbani. Limenichukua miaka sita kulijibu.

Kosa la kwanza lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na desturi moja: nachagua rangi ya ngozi, najaza uso mzima, halafu nachukua brashi laini ya kupulizia, rangi nyeusi, nguvu asilimia 10 au 15, na kuipitisha kila ninapojua huwa pana kivuli. Chini ya nyusi, pembeni mwa pua, chini ya mdomo, chini ya taya. Kisha nyeupe, kwa mtindo uleule, kwenye paji na ncha ya pua. Wengi wanaoanzia kwenye simu hupitia hapo, kwa sababu brashi hiyo inasamehe. Haina ukingo, kwa hiyo haikulazimishi kuamua kivuli kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Unapapasa tu mpaka uso uonekane umevimba mahali pake. Lakini nyeusi ikichanganywa na kahawia ya ngozi inaua damu iliyomo ndani ya ile kahawia, na kinachobaki ni rangi ya chungu kilichokaa jikoni miaka. Shangazi aliona masizi kwa sababu nilipaka masizi.

Kosa la pili lilinitangulia. Filamu za rangi za enzi zile zilisawazishwa kwa kufuata ngozi nyeupe. Maabara za kusafishia picha zilipimia rangi kwa kadi zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Yeye akitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtu mweusi aliyevaa kanga nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa hakuwa na wa kumtetea. Filamu ilishika ukuta, ikashika kanga, uso ikauacha uzame. Nami nikaja miaka zaidi ya 30 baadaye, nikaunakili ule uzamaji kwa uaminifu mkubwa, nikidhani ndiyo sura ya Bibi yangu. Lilinichoma sana hilo nilipolifahamu. Bibi alikuwa na uso wenye mambo mengi: mifupa ya mashavu iliyosimama, kovu dogo juu ya nyusi, mikunjo miwili pembeni mwa mdomo iliyokuwa ikiingia ndani akicheka. Yote hayo picha haikuyaona, na mimi niliyeyaona kwa macho yangu sikuyaweka.

Kwa hiyo nikaacha picha nikarudi kwa watu.

Usiku mmoja umeme ulikatika, na mdogo wangu alikuwa mezani anajisomea kwa kibatari. Nikamwomba asisogeze kichwa. Kibatari kilikuwa kushoto kwake, chini kidogo ya kidevu, na kivuli cha pua yake kilipanda juu kuelekea kona ya jicho la kulia. Nikakiinua kibatari taratibu. Kilipofika usawa wa jicho, kile kivuli kikalala juu ya shavu. Nilipozidi kukipandisha, kivuli kikateremka hadi kwenye pembe ya mdomo, kikaungana na giza la shavu la pili, na chini ya jicho la kulia pakabaki pembetatu ndogo ya mwanga imezungukwa na giza pande zote. Baadaye nilikuja kujua kwamba wapigapicha huita mwanga wa namna hiyo kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Usiku ule sikulijua jina. Niliona tu kwamba uso uleule wa mdogo wangu umekuwa nyuso tatu ndani ya dakika chache, na hakuna hata mmoja ambao ningeuchora sawasawa kwa desturi yangu ya kupapasa chini ya nyusi na pembeni mwa pua. Kivuli hakina makao maalumu usoni. Kinakaa pale taa inapokiambia kikae.

Tena niliona kwamba ni vivuli viwili, vyenye tabia mbili. Kimoja kinatokea kwa sababu shavu linageuka kidogokidogo mpaka linaupa mwanga mgongo. Hicho hakina ukingo, kinafifia. Kingine ni kile ambacho pua inakitupa shavuni, au kidevu kinakitupa shingoni. Hicho kina ukingo mkali pale kinapoanzia, na kadiri kinavyokwenda mbali na pua ndivyo ukingo wake unavyolainika. Miaka yote nilikuwa navipaka vyote viwili kwa brashi moja laini. Ndiyo maana pua zangu zilikuwa zinaelea. Kivuli cha pua kisipokuwa na ukingo, pua haina pa kujishikiza.

Mwaka 2020 nilinunua tableti ya kuchorea ya mtumba, yenye kalamu, nikaiunga kwenye kompyuta ya zamani na kuanza kutumia Krita, programu ya bure ambayo mpaka leo sijaona sababu ya kuiacha. Kalamu ilinipa wepesi. Haikunipa macho. Hayo niliyapata kwenye sabuni.

Nilikuwa nimeona kwenye intaneti kichwa cha mfano alichokitengeneza mchoraji wa Marekani, John Asaro: uso uliokatwa bapa kwa bapa, kama umechongwa kwa shoka na kuachwa bila msasa. Wanaojifunza kuchora hukiweka karibu na taa na kusoma kila bapa linavyopokea mwanga. Kuagiza kimoja kilikuwa nje ya uwezo wangu. Nikaenda dukani nikanunua mche wa sabuni ya kufulia, ile nyeupe, nikakaa uani na kisu cha jikoni.

Mche wa kwanza ulikatika shingoni. Wa pili ukakubali. Paji nikalikata mapande matatu, moja la mbele na mawili yanayokwenda kwenye panja. Pua mapande manne: mwamba juu, mbavu mbili, na chini penye matundu. Macho sikuyachonga kama macho, niliyakata kama mashimo mawili yenye dari. Shavu likagawika pale mfupa unapomalizika: juu yake panatazama mbele na mbinguni, chini yake panatazama taya. Nilipofika kwenye midomo nikasimama na kisu mkononi, maana nilikuwa sijawahi kuiona. Mdomo wa juu unatazama chini. Mdomo wa chini unatazama juu. Kwa mwanga wowote unaotoka juu, iwe jua au balbu ya darini, mdomo wa juu uko kivulini na wa chini unang'aa, na chini ya mdomo wa chini kuna kibonde kinachorudi gizani kabla kidevu hakijajitokeza tena. Mimi nilikuwa napaka midomo yote miwili rangi moja na kuchora mstari katikati, kwa mamia ya picha.

Kile kichwa cha sabuni nilikiweka dirishani. Asubuhi nakichora, mchana nakichora, jioni nakichora, kwa toni tatu tu: ya mwanga, ya katikati na ya kivuli. Brashi ngumu, yenye ukingo kama wa kisu. Nilijiwekea sharti la mwezi mzima bila brashi laini, na naliona kuwa ndilo sharti lililonifaa kuliko somo lolote nililowahi kulisikiliza. Ukishanyimwa ulaini unalazimika kujibu swali moja kwa kila kipande cha uso: hapa panatazama mwanga, panatazama pembeni, au panaupa mgongo? Majibu hayo yakikaa sawa, uso unasimama hata kabla hujalainisha kitu. Yakikosewa, hakuna ulaini wa kuyaficha.

Sabuni ilinieleza pia kwa nini picha nyingi za wateja zilikuwa zinanishinda. Huku kwetu jua la saa sita linakaa karibu na utosi. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa. Na watu hupigana picha saa hizohizo, nje ya ukumbi, nje ya kanisa, wakitoka kuoa. Macho yanakuwa mashimo mawili, pua inatupa kivuli juu ya mdomo kama sharubu, na uzuri wote wa mtu unabaki kwenye paji na mabega. Siku hizi mteja akinitumia picha ya namna hiyo namwomba nyingine. Namwambia asimame mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, uso aelekeze nje, apigwe hapo kwa simu yoyote. Mwanga wa mlangoni unatoka upande mmoja na ni laini, nao unamchora mtu kabla yangu.

Sasa rangi. Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo masizi yalipokuwa.

Baada ya sabuni nilijaribu njia inayosifiwa sana: kuchora uso wote kwa kijivu kwanza, kisha kuweka rangi kwenye leya ya juu yake, yaani tabaka la picha linalolazwa juu ya jingine kama karatasi angavu. Vivuli vilikaa mahali pake, lakini watu wote walitoka kama wamelala mochwari. Sababu ni kwamba rangi niliyoiweka juu ilikuwa moja, na ngozi haina rangi moja inayozidi na kupungua giza. Wapo wanaoiweza njia ile kwa kubadilisha rangi ndani ya leya ya juu. Mimi niliiacha. Naichagua rangi ya kivuli peke yake, kama kitu kinachojitegemea.

Ndani ya programu, rangi inapimwa kwa namba tatu: ni rangi gani kwenye duara la rangi, imekolea kiasi gani, na ina mwangaza kiasi gani. Juzi nilimchora binti mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva. Shavu lenye mwanga lilisimama kwenye nyuzi 22 za duara, ukolezo 52, mwangaza 58. Kivuli cha shavu hilohilo: nyuzi 12, ukolezo 64, mwangaza 30. Rangi ilisogea kuelekea nyekundu, ikakolea zaidi, ndipo ikashuka giza. Zamani ningeshusha ile namba ya tatu peke yake. Na pale mwanga unapokutana na kivuli, kwenye ule ukingo laini wa shavu, ndipo ukolezo unapokuwa mkubwa kuliko pote, kwa sababu sehemu ya mwanga huingia ndani ya ngozi, ikasambaa kwenye damu na kutokea kandokando. Mweke mtu dirishani, jua liwe nyuma ya sikio lake, utaona ndewe na ukingo wa sikio unavyowaka wekundu. Kwa mtu mweusi sana mng'ao huo unapungua, lakini haukosi.

Namba hizo usizikariri. Zilikuwa za binti yule, mlangoni kwao, asubuhi ile. Kivuli cha ndani ya nyumba yenye kuta za njano ni kingine, na kivuli cha nje ni kingine kabisa, maana nje kila kitu kilichonyimwa jua bado kinatazamwa na anga. Sehemu za kivuli zinazotazama juu huvuta ubuluu. Zinazotazama chini hupokea rangi ya kilicho chini: mchanga, udongo mwekundu, sakafu ya saruji.

Au kanga. Jioni moja nilimkuta Shangazi barazani, amejitanda kanga nyekundu, jua la saa kumi na moja linaipiga kanga kutoka pembeni. Chini ya taya yake, mahali ambapo mimi siku zote naweka giza zito kuliko pote, palikuwa pamewaka. Wekundu wa ndani, kama kaa lililofunikwa jivu, unapanda kutoka kifuani, unapita chini ya kidevu na kuishia kwenye mstari wa taya. Nilimwomba aishushe kanga, ukazimika. Aipandishe, ukawaka. Akanifanyia hivyo mara nne bila kuniuliza sababu. Tangu siku ile kabla sijagusa kivuli cha shingo naangalia kwanza mtu amevaa nini. Kanzu nyeupe inarudisha mwanga mwingi hadi chini ya pua. Baibui halirudishi kitu, na taya inaachwa na giza lake.

Jambo lililonichelewesha zaidi ni mng'ao. Masomo mengi niliyoyafuata mwanzo yalikuwa ya kuchora ngozi nyeupe, na kwenye ngozi nyeupe sura inasomeka kwa vivuli: ngozi yenyewe inarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo kila panapogeuka panaonekana. Ngozi nyeusi inaumeza mwanga mwingi ulioingia ndani. Lakini kuna sehemu ndogo ya mwanga ambayo haiingii kabisa. Inagonga uso wa juu wa ngozi, penye mafuta na jasho, ikarudi, na hiyo haijali mtu ana rangi gani. Kwa mtu mweupe inapotea ndani ya weupe wake. Kwa mtu mweusi inasimama peke yake na kuchora kila mfupa. Mng'ao huo hauna rangi ya ngozi, una rangi ya taa. Dirishani unakuwa wa buluu iliyopauka. Kwenye kibatari unakuwa wa machungwa. Nilikuwa nautengeneza kwa kuchukua kahawia ya ngozi na kuiongezea nyeupe, ukatoka kama vumbi la unga. Nilipoanza kuuwekea rangi ya anga, ukolezo mdogo, ukingo wa upande mmoja mkali na wa pili umelainishwa, mashavu yakapata mfupa kwa mara ya kwanza. Na nikaona kwamba uso mweusi hauhitaji kivuli kizito ili uwe na umbo. Umbo lake limeandikwa kwenye mwanga.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya ombi ninalolipata karibu kila mwezi: "Nipunguzie weusi kidogo." Wanaume kwa wanawake. Mwanzo nilikuwa natekeleza, kazi ni kazi. Baadaye nikagundua kwamba wengi wao hawaombi weupe. Wamezoea kujiona kwenye picha wamezama, macho hayaonekani, pua imepotea, na neno walilo nalo la kuelezea hali hiyo ni weusi. Sasa ombi likija nasema sawa, nipe siku mbili. Namchora kwa rangi yake ileile, sishushi wala sipandishi, ila nampa mwanga wa upande, mng'ao safi kwenye paji, mfupa wa shavu na mwamba wa pua, na vivuli vyenye wekundu ndani yake. Karibu wote huipokea picha bila kulikumbusha lile ombi. Mama mmoja aliniandikia kwamba mumewe amesema hajawahi kuona picha yake inayofanana naye namna ile. Ujumbe wenyewe nimeuhifadhi.

Macho nayo yana mtego wake. Tunaita weupe wa jicho, basi mkono unakwenda kwenye nyeupe. Mwaka 1995 Edward Adelson, mtafiti wa mambo ya kuona katika chuo cha MIT, alitengeneza picha ya ubao wa miraba kama wa drafti wenye kivuli cha mcheduara juu yake. Mraba mmoja unauona mweusi, mwingine mweupe, na ukizipima rangi zao ni kijivu kimoja. Ubongo unajua kwamba mmoja uko kivulini, ukausafisha wenyewe. Ndivyo unavyofanya na macho ya watu. Siku moja nilichukua kifaa cha kunyonya rangi, kile cha ndani ya programu kinachosoma rangi ya mahali unapogusa, nikagusa weupe wa jicho la mdogo wangu kwenye picha: kijivu chenye ukahawia, kimekolea kushinda nilivyodhania, na giza lake lilizidi la mng'ao wa paji lake. Jicho ni mpira uliokaa chini ya dari ya nyusi, na kope la juu linatupa kivuli chake juu ya mpira huo. Weka huo utepe mwembamba wa kivuli juu, acha weupe ubaki kijivu, na nukta ya mwanga iwe moja, upande ule ule mwanga unakotoka. Meno vilevile.

La kuprinti nitalisema kwa kifupi kwa vile lilinigharimu. Picha ya mzee mmoja, zawadi ya wanawe, ilitoka kwenye kanvasi ikiwa nyeusi ti, na ikabidi niirudie kwa fedha yangu. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaazima wa chumbani. Sasa nachora skrini ikiwa nusu ya mwangaza wake, natazama kazi kwenye simu mbili tatu za watu, sishushi kivuli chochote cha ngozi chini ya mwangaza 12, na naomba kipande cha majaribio kabla ya kanvasi nzima.

Mwaka 2024 nikarudi kwa Bibi.

Vipimo nilivichukua kwenye ile picha ndogo: upana wa paji, umbali wa macho, urefu wa pua, mahali kanga inapokatisha sikio. Hivyo sikuvigusa. Mwanga ndio nilioukataa. Nikamwomba Shangazi akae pale pale barazani, saa kumi, jioni tatu mfululizo, maana mashavu yake na taya ni vya mama yake. Sikumchora yeye. Nilitazama tu mwanga unavyopita kwenye mifupa ile: unavyoanza na paji, unavyoruka shimo la jicho na kugusa kope, unavyolala juu ya shavu na kukatika ghafla pale linapoishia. Niliandika namba kwenye daftari, nikaandika na maneno. Kovu la juu ya nyusi nililitoa kichwani mwangu. Mikunjo ya mdomo pia. Kila mkunjo niliupa pande mbili, ukuta mmoja unaopokea mwanga na mmoja unaoukosa, kwa kuwa nimeshajifunza kwamba mkunjo uliochorwa kama mstari humfanya mzee aonekane amekwaruzwa. Kanga nikaiacha nyeupe yenye maua mekundu, na chini ya taya nikaweka weupe wake uliorudi, na kwa mbali sana, wekundu.

Nilimpelekea kwenye tableti kabla ya kuiprinti. Aliiweka mapajani. Hakusema kitu kwa muda, akanyoosha kidole kwenye shavu bila kugusa kioo.

"Saa kumi hii," akasema. "Anangoja watu watoke alasiri."

Kisha akauliza, "Na kipini chake?"

Kwenye picha hakipo. Kimezama pamoja na pua. Nami nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikamuuliza upande gani, akagusa pua yake mwenyewe, kushoto. Nikachukua kalamu nikavuta picha karibu. Mwanga wangu ulikuwa unatoka upande huohuo, juu kidogo. Nikaweka nukta moja ya njano iliyokolea, juu yake ncha ndogo karibu na nyeupe, na chini yake kivuli cha kahawia nyekundu chenye ukingo mkali, kisichozidi punje ya mtama. Nikairudisha picha kwenye ukubwa wake.

"Basi," akasema Shangazi. "Hapo usiongeze kitu."